Upande wa Pili wa Kanape

Sylvain alifariki mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado nzito. Kama ilivyo desturi ya kilio huku kwetu Lubumbashi, ndugu zake waliondoa kila kitu sebuleni ili wanawake watandike magodoro chini. Fotei mbili ndogo, viti vya mtu mmoja mmoja, zikasukumwa chumba cha nyuma. Kanape, kochi lile refu la mahameli ya rangi ya kahawa, haikupita mlangoni mwa chumba hicho, hata walipoilaza ubavu. Wakaipeleka kwa jirani, Mama Kapinga, wakaiacha uani kwake chini ya turubai.

Kesho yake mvua ilipiga mchana wote. Baada ya maziko, wanaume waliporudisha kanape, maji yalikuwa yanachuruzika kwenye miguu yake, na turubai haikuwapo. Albertine, mjane, aliitazama kanape, kisha akamtazama Mama Kapinga aliyekuwa amesimama getini. Tangu siku ile hakumsalimu tena.

Albertine Mwenya alizaliwa Katuba, humu humu mjini, ingawa wazee wake walitoka Kongolo, wakafika mjini kwa kazi ya reli. Sylvain naye alikuwa mtu wa reli, fundi wa karakana mpaka alipostaafu. Kanape ile waliinunua wakati watoto wao, Deborah na David, walikuwa bado wanasoma. Kila mwaka, baridi ya mwezi wa sita ilipofika na vumbi jekundu likaanza kuingia hadi kwenye masufuria, mume na mke waliibeba nje. Sylvain alishika upande mmoja, Albertine upande wa pili, wakitembea kinyumenyume na kugombana kidogo.

"Polepole, mama, unanivunja mugongo."

"Weye njo unavuta! Miye nafuata tu."

Sylvain alipiga vumbi kwa fimbo, Albertine akapitisha brosi. Jioni waliirudisha ndani, na nyumba ilinukia sabuni.

Sasa kilio kilikuwa kimekwisha. Deborah alirudi Kolwezi kwa mume wake, David akarudi kazini Sakania. Kanape na fotei zilibaki kwenye baraza ya nyuma kwa sababu ya harufu ya uvundo, maana chumba kile cha nyuma nacho kilikuwa kimevuja. Sebuleni vilibaki viti vya plastiki. Mwanzoni watu wa jumuiya walikuja kusali naye, wakakaa kwenye viti vile vinavyoyumba, baadaye wakapungua. Albertine akaanza kula akiwa amesimama jikoni, sahani juu ya dirisha. Siku moja, alipomwitikia muuza makaa, sauti ilimtoka ikiwa imekauka, akatambua kwamba tangu misa ya Jumapili hakuwa amezungumza na mtu.

Baridi ilipoanza alimpigia simu binti yake.

"Nataka kusafisha salon, kanape na fotei zake," alisema.

"Ile yenye ilioza? Maman, utupe tu. Tutakutafutia ingine."

"Haikuoza. Ililowa."

"Maman, minakuya kukupigia tena, mutoto analia."

Deborah hakupiga tena siku ile. Asubuhi iliyofuata Albertine alijifunga kikwembe cha zamani akaanza na fotei. Alitoa mito, akavua foronya, akaloweka foronya katika sabuni ya unga. Sponji za ndani alizifuta kwa kitambaa chenye siki na maji, pale palipoota madoa meusi ya ukungu, kisha akazisimamisha juani. Mahameli ya mgongo na mikono hakuyamwagia maji. Alipiga sabuni ndani ya beseni mpaka povu likasimama, akachukua povu peke yake kwa brosi, akasugua akifuata upande mmoja, akafuta kwa kitambaa kikavu. Maji ya beseni yalitoka mekundu, akabadilisha, yakatoka mekundu tena. Mwisho alinyunyiza bikarbonati ili inyonye harufu, akaziacha kivulini penye upepo, maana jua lingepausha rangi.

Ikabaki kanape. Ilibidi itoke barazani na ipinduliwe, kwa kuwa uvundo mkubwa ulikuwa chini yake. Albertine alivuta upande mmoja, mguu ukakwaruza sementi, kanape ikasogea kidogo na kukwama. Akasukuma upande mwingine. Akarudi tena kuvuta. Kisha akakaa kwenye ngazi, mikono yake yenye povu ikianza kukauka, na hapo ndipo alipolia kilio ambacho hakikumjia makaburini, mbele ya watu wote wale.

Alipomaliza, alinawa uso akatoka nje. Majirani wa kushoto walikuwa wamekwenda shambani, Lukafu. Nyumba ya mbele ilikuwa na kufuli. Alitembea mpaka mwisho wa barabara, akarudi, akasimama kwenye geti la kulia.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni miye. Mama ya Deborah."

Mama Kapinga alitokea, akifuta mikono kwenye kikwembe chake. Nyuma yake wajukuu walikuwa wanapiga kelele.

"Ingia, mama."

"Hapana. Nakuya kukuomba kitu. Niko na safisha kanape, na miye peke siwezi kuibeba."

Mama Kapinga alitangulia.

Waliibeba hadi uani, wakapumzika, wakaipindua miguu juu. Kitambaa cha chini kilikuwa na ukungu tele. Albertine alikichana, akaanza kufuta mbao. Mama Kapinga aliokota brosi ya pili bila kuambiwa.

"Ile bashi, ile turubai ya kanape, niliiweka," Mama Kapinga alisema, macho yakiwa kwenye mbao. "Niliifunga na kamba, miye mwenyewe."

"Sasa ilienda wapi?"

"Mvula ilipokuya, sanduku lilikuwa inje, na paa ya majani yenye balijenga ilikuwa inavuja. Wazee ba kwenu bakakuya mbio, bakafungua kamba. Njo balienda kufunika papa Sylvain."

Albertine aliacha kufuta. Siku ile yeye alikuwa ndani, katikati ya wanawake, na aliisikia mvua tu.

"Juu ya nini haukuniambia?"

"Ningekuambia namna gani? Ulikuwa unapita kama haunioni."

"Nisamehe, mama."

"Tumalize. Jua inaenda."

Kanape ilichukua siku kadhaa kukauka, na kila jioni Mama Kapinga alikuja kushika upande wake ili waiingize barazani. Harufu iliisha. Kwenye kona moja lilibaki duara la maji ambalo halikutoka kwa sabuni wala kwa siki, na Albertine akaliacha hapo. Walipoirudisha sebuleni, aliandaa chai. Mama Kapinga alikunywa kikombe kimoja, akasifu mahameli, kisha mjukuu akaja kumwita, akaenda.

Sasa wanasalimiana kila asubuhi. Mara nyingine Mama Kapinga huleta matembele, akakaa kidogo, lakini nyumba yake imejaa watu na hawezi kukawia. Jumuiya nayo ilirudi. Jumapili ya kwanza walijaa sebuleni, wakabanana kwenye kanape, wakaimba, wakamwombea Sylvain, wakaaga wote kwa pamoja kama watu wanavyofanya giza linapokaribia.

Albertine aliwasindikiza hadi getini. Aliporudi, mahameli yalikuwa yamelala huku na huku, yakionyesha mahali kila mmoja alipokuwa ameketi. Aliweka kiganja chake sehemu moja. Palikuwa bado pana joto. Akakaa hapo, bila kuwasha taa, mpaka pakapoa.