Binti yangu alivyokataa kubebwa siku ya kutoka unyagoni

Wakuu, heshima kwenu. Stori hii siitii chumvi. Wa Newala mliomo humu mtanisahihisha nikiteleza.

Kwetu ni Mnyambe. Mwanangu wa kwanza, Zuhura, alipata homa kali akiwa mdogo. Tukampeleka hospitali Masasi, akapona, ila miguu ikalegea moja kwa moja.

Miaka yenyewe ni ile ya ruksa, biashara zimefunguliwa. Wanunuzi binafsi wanagombania korosho, mitumba imejaa mnadani, kila mtu kawa mjanja. Lakini kiti cha magurudumu hatukuwahi hata kukiona.

Basi nikambeba mgongoni. Shambani, kisimani, msibani. Akakua, akawa mzito, nikambeba hivyo hivyo.

Nikimweka chini anatambaa. Viganja vilipochubuka akavivalisha kandambili za baba yake, hakufundishwa na mtu. Msimu wa korosho anakusanya mabibo, anayachomeka vijiti, anayapa majina ya majirani na kuyagombanisha. Nilikuwa nacheka peke yangu jikoni.

Akafika umri wa unyago. (Kaka zangu, ya ndani siyasemi, msije PM.)

Ya nje mnayajua. Siku ya kutoka, kwetu mwali hakanyagi chini. Anabebwa na ndugu mpaka uwanjani, watu waone kuwa ana ukoo. Asiye na wa kumbeba ndiye wa kuhurumiwa.

Mimi nilifurahi mno. Nikajisemea, siku hiyo wote watakuwa juu, hakuna atakayejua mlemavu ni yupi.

Zuhura akaniambia, "Mama, mimi nitashuka. Wenzangu wanabebwa siku moja. Mimi nabebwa siku zote. Siku ya ukubwa wangu nataka nifike mwenyewe."

Nikaenda kwa mama mkubwa, dada wa mama yangu, ndiye aliyekuwa kungwi. Nikamwamkia, nikamweleza.

"Mama Zuhura," akasema, "unataka watu waseme ukoo wetu umekosa mgongo? Asipobebwa, simtoi."

Hakuwa na roho mbaya. Aliogopa aibu, kama mimi. Lakini mwali asiyetolewa atabaki mtoto machoni pa wanawake wote, hata akizeeka. Nikarudi kumsihi Zuhura akubali yaishe. Akakataa, akaomba nimpeleke kwa bibi yake huyo aseme mwenyewe.

Ndiyo, nilimpeleka kwa kumbeba.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba."

"Bibi, mjomba anibebe mpaka ukingoni mwa uwanja, watu wauone ukoo. Hapo anishushe."

Mama mkubwa akauliza, "Wenzio njuga wanafunga miguuni. Wewe utafunga wapi?"

"Mikononi."

Hapo nikajua amekubali.

Siku ikafika. Wenzake wakapita juu ya mabega, vigelegele vimejaa. Zuhura alikuwa wa mwisho. Mjomba wake akachuchumaa ukingoni, akamshusha. Ngoma na vigelegele vikakatika, nami nilitamani ardhi inimeze.

Akavaa kandambili mikononi, akaanza kwenda. Kila kiganja kikigusa mchanga, njuga zinalia.

Katikati akapumzika kidogo. Nikanyanyuka nikamchukue. Mama mkubwa akanishika kanga.

"Kaa. Huyo si mtoto tena."

Nikakaa. Nililia, sina haja ya kuficha. Mpiga ngoma naye akaanza kumfuata taratibu, anapiga pale mkono unapotua, na wanawake wakaanza kupiga makofi. Akafika mbele ya kungwi wake jasho linamtoka, anacheka.

Sasa ni mtu mzima, anashona nguo kwa cherehani cha mkono, na maneno yake bado yanagombanisha majirani.

Nilichojifunza, wakuu: kumbeba mtoto ni upendo, na kumshusha ni upendo pia, ila huo wa pili unauma. Siku ile mgongo wangu ulikuwa mwepesi na sikujua niuweke wapi.

Wenye watoto kama wangu, nyie mlijuaje kuwa sasa ni wakati wa kumshusha? Karibuni tuzungumze.