Safari ya Ziwani Niliyoiahirisha

Dada yangu mkubwa anauza samaki sokoni Beni. Kwa miaka kumi na tisa aliuza samaki wa ziwa, na kwa miaka yote hiyo ziwa lenyewe hakuwa ameliona. Mimi ni mshonaji, naishi Butembo, mtaa wa Kimemi, nyumba ambayo chumba chake cha mbele ndicho atelye yangu ya kushonea. Kutoka kwangu hadi kwake, huko Beni katika komini ya Ruwenzori, ni mwendo wa saa mbili hivi kwa gari, njia ikiwa nzuri. Lakini sisi watu wa huku, tangu vita vianze, hatuhesabu njia kwa saa. Tunauliza kwanza nani amepita leo, na kama amefika.

Samaki wake walitoka Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kwenye ukingo wa ziwa. Kulikuwa na mama mmoja kule aliyempelekea vikapu, tilapia wabichi na wale wa chumvi. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa simu tu. Yaya, kama tunavyomwita dada mkubwa huku, aliujua ukohozi wa yule mama, aliijua mimba yake ya mwisho, alijua jinsi mume wake anavyomsumbua. Sura yake hakuijua.

Yaya ni mjane. Mume wake aliondoka asubuhi moja kwenda kuvuna kakao, na wanaume wanne wakamrudisha mchana wakiwa wamembeba ndani ya turubai. Tangu siku ile yaya aliacha kuzungumza juu ya mambo ya kesho. Ukimuuliza watoto watasoma wapi mwaka ujao, alijibu, “Tutaona.” Ukimuuliza kama atakuja kwenye harusi ya fulani, “Tutaona.” Ndiyo maana nilishtuka siku aliponitumia ujumbe wa sauti, nikiwa nimeketi kwenye mashine, uzi mdomoni.

“Dada, nataka kuona ziwa,” alisema. Nyuma yake nilisikia makelele ya soko. “Kila siku niko nakata hii samaki. Harufu yake iko mu mikono yangu hata ku Meza ya Bwana. Lakini kwenye inatoka, sijaonaka. Tafuta mutu wa gari. Tuende sisi mbili.”

Niliurudia ule ujumbe mara tatu. Kisha nikaacha kazi, nikavuka barabara kwenda kwa jirani yangu.

Huyo jirani ni Mwislamu, msafirishaji, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe na gari la zamani aina ya jipu. Alikuwa akishuka Kyavinyonge mara mbili kwa juma kubeba samaki. Niliwashonea mabinti zake wawili nguo za harusi, na tangu hapo huniita Mama Fundi. Alikuja atelye, nikamkunjulia ile karatasi ya kaki ninayokatia patroni za nguo, akachukua chaki yangu na kuanza kuchora.

“Hapa Butembo. Hapa Kyondo, kuko baridi sana, mubebe bapulovere. Hapa njia inaanza kushuka. Mbele ya kushuka kuko chute. Maji inaanguka toka juu kabisa, inafanya kama moshi. Nitasimamisha gari, muangalie, mupige bapicha. Kisha tunashuka mu parc, mu pori ya banyama. Kule hatusimame tena mpaka Kyavinyonge.”

“Hatusimame juu ya nini, Papa?”

“Mama Fundi,” alisema taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto, akaendelea kuchora.

Tulikubaliana iwe Jumamosi. Ijumaa yeye haendeshi kwa sababu ya sala, na Jumapili ni yetu ya kanisa. Tungeondoka alfajiri, tungerudi siku ileile. Nilimpigia yaya nikamweleza yote, hata mistari ya chaki, na yeye akauliza maswali ambayo sikuyatarajia. Je, kwenye yale maporomoko mtu anaweza kukaribia hadi akaguswa na maji? Je, kule ziwani kuna kivuli? Nikamwambia nitapika kuku na bundu, ugali wetu wa huku.

“Kuku? Unabeba kuku ku ziwa? Bale bamama batatucheka mpaka tuage dunia!” Akacheka yeye mwenyewe. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mazishi. “Fanya bundu tu. Samaki nitapika na yule mama, palepale. Nilishamuambia.”

Kwa majuma mawili simu yangu ilijaa sauti yake. Amenunua sandali za mpira kwa ajili ya kuingia majini. Ameuliza mtu, ameambiwa kule chini jua ni kali. Ameshona begi. Nilikata kikwembe cha bluu, nikashona magauni mawili yanayofanana, moja kubwa lake, moja langu. Kila jioni tulipanga upya mambo yaleyale tuliyoyapanga jana yake, na sikuchoka.

Hofu iliniingia pale nilipokaa kazini. Mwanamke akisimama mbele ya fundi, futi imemzunguka kiuno, husema yote. Mmoja alinieleza juu ya gari lililochomwa. Mwingine, juu ya shemeji yake aliyechukuliwa njiani na hadi sasa hakuna habari. Hawakusema hasa njia yetu. Mmoja alitaja njia nyingine kabisa, upande wa magharibi. Lakini nilipofumba macho nilijiona nimeketi nyuma katika lile gari, na mbele yetu mti umelazwa barabarani. Nilianza kukosea vipimo. Nilimkatia mteja mkono wa blauzi mfupi kuliko mwenzake.

Sikumwambia yaya. Yeye aliyefiwa na mume ndiye aliyekuwa akinunua sandali, na mimi ambaye mume wangu alikuwa mzima, akinywa chai mezani, ndiye niliyetetemeka. Niliona aibu.

Jumamosi ya kwanza niliiahirisha kwa sababu ya kazi. Shule zilikuwa zinafunguliwa na nilikuwa na sare nyingi za kumaliza. Hiyo ilikuwa kweli. Yaya alisema, “Hapana shida. Kazi ni kazi.”

Jumamosi ya pili mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Ilikuwa kweli nusu, kwa maana jirani yangu alishuka hivyohivyo akarudi. Yaya alisema, “Mvua itaisha.”

Jumamosi ya tatu haikuwa na sababu. Siku moja kabla, jirani alitoka msikitini akapitia kwangu na kanzu yake nyeupe, uso umechangamka.

“Mama Fundi, kesho tunaenda. Nilipita kule jana. Njia iko safi, hata baaskari ba bariyeri hawanisumbue.”

Niliusikia ulimi wangu ukisema, “Papa, pole. Yaya anagonjwa. Iko na malaria, hawezi kufika.”

Alisikitika kwa moyo wote. Akamwombea. Alipovuka barabara tu, nilishika simu nikamwambia yaya kwamba dereva amekataa, anasema njia ni mbaya, tungoje.

Yaya akasema, “Basi yeye ndiye anajua. Umuambie aksanti kwa kutuchunga.”

Siku ile nilishona hadi giza likaingia, na sikumbuki nilishona nini.

Baada ya mwezi yaya alisema hatangoja tena Beni. Atakuja kwangu mapema, ili likitokea neno zuri tuwe pamoja. Alikuja Ijumaa, kwa gari lililofuatana na msafara wa askari. Alishuka na lile begi aliloshona, amekonda kuliko nilivyomfikiria. Na safari hii nilikuwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilipika bundu nikaifunga katika majani ya ndizi, nikaweka pilipili, nikapanga mapulova mawili juu ya kiti. Asubuhi tulivaa magauni yetu ya bluu, tukatoka kusimama uani.

Jirani alikuja kwa miguu. Nilipoona hana ufunguo mkononi, nilijua.

“Leo hapana,” alisema. “Batu ba kule banapanda na bagodoro ku kichwa, na bambuzi, na batoto. Hakuna gari inashuka. Sijui kama juma ijayo tutaweza.”

Yaya aliinamisha kichwa. “Mungu abasaidie,” alisema.

Jirani alimgeukia kwa heshima, mkono kifuani. “Mama, nafurahi kukuona umepona. Ile malaria ilituharibia. Ile Jumamosi njia ilikuwa muzuri kabisa. Nilikuwa nasema njiani, ah, bale bamama bangekuwa hapa.”

“Malaria?” alisema yaya.

Kuku wa jirani mwingine alipita katikati yetu. Jirani yangu alinitazama, kisha akamtazama yaya, na nikaona uso wake ukielewa. Aliaga haraka, akavuka barabara.

Yaya hakunipigia kelele. Aliingia ndani, akavua gauni la bluu, akalikunja, akavaa nguo zake za kila siku. Saa sita tulikula ile bundu sebuleni na mboga ya sombe ya jana, mimi na yeye na mume wangu, ambaye hakuelewa kwa nini nyumba imekuwa kimya hivyo. Jumapili tulikwenda kanisani pamoja. Aliimba. Aliwasalimia rafiki zangu wote kwa majina. Jumatatu nilimsindikiza kwenye kituo cha magari ya Beni, na pale, kati ya magunia ya viazi, nikasema.

“Yaya, nilikudanganya juu niliogopa.”

“Najua.”

“Nilisikia haya kukuambia, wewe uliyepata yale uliyopata.”

Alikuwa akitafuta kitambaa chake begini. “Na miye niko naogopa kila siku,” alisema. “Naogopa hata sasa kupanda hii gari. Lakini miye sikukudanganya.”

Akapanda. Alikaa upande wa dirisha la mbali, na sikuweza kumwona vizuri gari lilipoondoka.

Tuliendelea kupigiana simu, ila ujumbe wa sauti ulikwisha. Aliniuliza habari za watoto na mimi nikamuuliza za soko. Habari za ziwa hazikutajwa. Nilidhani anangoja nianze mimi, na mimi nilikuwa nangoja njia itulie kwanza, ili nimpelekee neno la hakika.

Njia ilitulia. Niliona gari la jirani likianza kutoka tena, likirudi na vikapu. Siku moja alileta suruali yake nimpunguzie urefu. Nilipokuwa nimepiga magoti na pini mdomoni, akasema kwa furaha:

“Yaya yako iko mutu wa kuchekesha! Njia yote alitufanya tucheke.”

Nilitoa pini mdomoni. “Njia gani, Papa?”

Alijaribu kulirudisha, lakini neno lilikuwa limetoka, ikabidi anieleze. Yaya alimpigia mwenyewe. Alimwambia kwamba mimi nina kazi nyingi. Alikuja kutoka Beni siku ya Ijumaa na mwenzake wa sokoni, wakalala kwa mama mmoja wa kwaya, hapahapa Kimemi. Naijua nyumba hiyo. Nikisimama kwenye mlango wa atelye naona bati lake. Asubuhi wakaondoka. Kwenye maporomoko alishuka gari akasogea hadi nguo zikalowa, na alikawia mpaka jirani akapiga honi mara mbili. Kule Kyavinyonge hakuhitaji kuuliza mtu. Alisimama kati ya wauza samaki akaita tu, na mama mmoja mfupi, mwenye ukohozi, akaacha kisu chake akaja mbio.

“Na ziwa?” niliuliza. “Alipoona ziwa alifanya nini?”

Alifikiri kwa uaminifu. “Sijui, Mama Fundi. Nilikuwa napakia samaki.”

Nilimaliza kumpimia suruali. Alipotoka nilifunga mlango, ingawa ilikuwa mchana na wateja walikuwa njiani, nikampigia yaya.

“Ulilala hapa Kimemi,” nilisema. “Ulilala hapa, na hukuja kwangu.”

“Ndiyo.”

“Kwa nini hukuniambia? Ningeenda. Yaya, safari hii ningeenda.”

“Pengine,” alisema. Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo liliniumiza kuliko hasira. “Lakini ningekuambia, ningeanza tena kungoja. Nilichoka kungoja, dada.”

Nililia, naye akaningoja nimalize. Kisha, kwa kuwa sikujua niseme nini, nikamuuliza ziwa liko namna gani.

Nilisikia kisu chake kikikwangua magamba.

“Iko maji,” alisema. “Maji mingi.”

Sikupata zaidi ya hapo, na hadi leo sijapata. Nimewahi kumwuliza kwa njia nyingine, kwa kupitia watoto wake, na wao wanasema mama alirudi amechoka, akalala, asubuhi akaenda sokoni. Mwaka huu, katika majuma machache ambayo watu walisema kuko shwari, nilijipa moyo. Nilizungumza na jirani nikampigia yaya kumwalika. Nilimwambia nitalipia gari, nitapika, nitaondoka nikiwa wa kwanza kuketi.

“Miye nilishaona, dada,” alijibu. “Enda na bengine.”

Sikwenda. Baadaye mapigano yalisogea, jirani yangu akauza gari lake akahamia kwa ndugu zake ng’ambo ya mpaka, Uganda. Simfahamu mwingine wa kunishusha.

Yaya hunipigia Jumapili baada ya ibada. Juma lililopita alinitumia samaki kwa mtu wa pikipiki, wamefungwa vizuri kwa majani, wa chumvi, wale ninaowapenda. Nilimpigia kumshukuru. Tulizungumza juu ya mvua, na juu ya mtoto wake wa mwisho anayekohoa wiki mbili sasa. Kisha akasema ana wateja, akakata.