Fundi wa Meza za Wamarekani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika na msumeno wangu, randa yangu, na tai shingoni. Nilikuwa nimetoka kwenye ghala moja la Nechells, huku kwa Waingereza, nilikopanga maboksi miaka minne. Kabla ya hapo nilikuwa seremala kwetu Wundanyi. Tangazo lilisema ukumbi wa maigizo unatafuta fundi. Mkuu wa Vifaa, Kalasinga mzaliwa wa Nakuru aliyeishi Handsworth, alinitazama kuanzia tai hadi viatu, akasikia ninavyoongea Kiingereza, mara akanibadilishia lugha.

"Wewe fundi ya meza?"

"Ndiyo, bwana. Mninga, mvule, mbao yoyote."

"Basi sahau. Hapa sisi natengeneza uwongo. Lakini uwongo yetu lazima ibebe mtu."

Nilidhani ananitania. Baada ya wiki moja nilimwelewa. Vifaa, kwa watu wa jukwaa, ni kila kitu mwigizaji anachokishika au kukikalia. Wiski ni chai ya rangi iliyopozwa. Nyama ya kuoka ni mkate uliopakwa rangi ya chakula, ili mtu aimeze upesi na kuendelea kugombana. Pembeni mwa jukwaa kuna meza iliyogawanywa miraba kwa utepe, kila kifaa na mraba wake. Kimoja kikikosekana mchezo unapokaribia kuanza, Meneja wa Jukwaa anakuita kwa majina yako yote matatu.

Mkurugenzi wetu alikuwa na ugonjwa mmoja tu: tamthilia za Kimarekani. Si zile za kuimba na kurusha miguu. Alipenda zile za familia moja, jiko moja, na chakula cha jioni ambacho hakuna anayekimaliza. Sikumbuki nilitengeneza meza ngapi za namna hiyo. Swali langu lilikuwa moja: ni nani anapiga ngumi, na anapiga upande gani? Hapo nilitia mbao ya ziada chini. Daima kuna baba mwenye ndoto iliyokwama, naye ameitundika shingoni mwa mtoto. Nilipotazama mazoezi nilicheka sana. Wazungu hawa, mtu anashindwaje kukaa na mwanawe wakaongea?

Nilicheka hivyo, na nyumbani kwangu hali ilikuwa hii. Binti yetu Wakesho tulimleta hapa akiwa na miaka sita. Alipoingia chuo cha udaktari niliwatangazia watu wote, kuanzia kanisani hadi Wundanyi. Mwaka wa tatu aliacha, akaenda kuoka mikate kwenye duka moja Moseley. Hilo sikumtangazia mtu. Mama yangu alipopiga simu kumuulizia, nilimwambia daktari yuko zamu. Wakesho alikuja mara tatu tuzungumze juu ya uongo huo, na mara tatu niliinuka nikaenda kwenye kibanda nyuma ya nyumba, nikawasha mashine ya kukatia mbao. Ndiyo tabia yangu, mke wangu ni shahidi. Kwa miaka miwili tukawa tunatumiana salamu kupitia kwake.

Basi ukaja mchezo wa baba aliyejenga hoteli ndogo kando ya barabara kuu. Barabara ikahamishwa, naye akaendelea kupaka rangi vyumba akisubiri wageni. Siku ya kupanga taa waigizaji hawaitwi. Anakalishwa yeyote aliye karibu, nasi tunaita kusimamia taa: unakaa mahali pa mwigizaji bila kutikisika, mpaka Mtaalamu wa Taa aridhike na vivuli. Siku hiyo nilipewa kiti cha baba. Wakesho akatokea mlangoni na funguo nilizosahau nyumbani. Alitumwa na mama yake, na mpaka leo sijui kama ilikuwa bahati tu. Meneja wa Jukwaa akamwona.

"Una dakika kumi, kipenzi? Kaa pale, kiti cha binti."

Dakika kumi za watu wa taa ni saa nzima. Tulikaa, meza yangu katikati yetu. Nikawa naangalia kichupa cha chumvi.

"Baba," alisema taratibu, "Nyanya alinicall jana."

Nikasukuma kiti nyuma.

"Usisogee, tafadhali!" Mtaalamu wa Taa alipaza sauti kutoka gizani. Nikarudi.

"Ameniuliza kama anaweza kuacha dawa za presha, eti zinamletea kizunguzungu. Anadhani mimi ni daktari. Atafanya chochote nitakachosema, Dad. Chochote."

Mwili wangu wote ulikitaka kile kibanda. Lakini sikuwahi kumharibia kazi mtu wa taa, na singeanza siku hiyo. Nikatulia. Mwanga ukamjia usoni, ukapungua, ukaja tena. Nikaona amekonda, na mikono yake ina alama za kuungua kwa oveni.

"Ukamwambiaje?"

"Asiache. Aende kliniki. Halafu nikalia, nikakata simu. I'm sorry."

"Nilikuwa naona aibu," nikasema.

"Kwa sababu yangu."

"Hapana. Miaka yote hii hapa, sikuwa na kingine cha kuwaeleza watu wa nyumbani. Wewe ndiwe uliyekuwa habari yangu nzuri."

Nilidhani tuko peke yetu ndani ya Kiswahili. Kumbe Mkuu wa Vifaa alikuwa amekaa gizani na flaski yake, anasikia kila neno. Kazi ya taa ilipokwisha akaja, akafungua mlango wa ofisi yake.

"Simu iko. Nyinyi mbili ingia, piga kwa mama. Mimi nakaa nje."

Nikapiga, nikafungua spika. "Mama, Wakesho si daktari. Aliacha chuo. Mimi ndiye niliyekudanganya."

"Wewe tutaonana baadaye," Mama akasema. "Nipe mjukuu wangu." Kisha akamuuliza, "Sasa unafanya kazi gani?"

"Naoka mikate, Nyanya."

"Mikate ya namna gani?"

Wakesho akamweleza unga unaochachuka siku mbili bila hamira. Mama akauliza maji ni kiasi gani, na baridi ikizidi anafanyaje. Wakacheka. Mimi nilisimama pale nikijua kwamba kwa miaka miwili swali hilo sikuwahi kumuuliza.

Sasa nimestaafu. Mama aliniadhibu vya kutosha, na dawa zake anazimeza. Namshukuru Mkuu wa Vifaa, namshukuru Meneja wa Jukwaa, hata Mkurugenzi na Wamarekani wake. Jumamosi napanda basi hadi Moseley, napanga foleni kama wateja wengine, na nikifika mbele namuuliza binti yangu leo ameoka nini. Nilichelewa kuuliza. Hata hivyo ananijibu, mkate mmoja baada ya mwingine, mpaka watu wa nyuma yangu wanaanza kunung'unika.