Maji Kwenye Petroli

Mwezi uliopita nilikuwa Masasi, nimesimama nje ya kibanda cha fundi, nikimsubiri kijana wa bodaboda aliyenipakia. Pikipiki yake ilikuwa inakohoa tangu stendi. Fundi akafungua kabureta, akamimina yaliyokuwemo kwenye kifuniko cha soda, akakiinamisha juani na kukitazama. "Dogo, una maji humu," akasema. Kijana akacheka, fundi naye akacheka. Mimi nikatafuta pa kukaa. Mtu mzima mwenye wajukuu wawili, kuzidiwa na kifuniko cha soda! Wakadhani ni jua, wakaniletea kigoda. Sikuwaambia kitu. Wewe nitakuambia, kwa kuwa najua utanicheka kidogo tu, kisha utanisikiliza.

Nilikuwa na miaka kumi. Tulikaa Newala, nyumba ya bati yenye kisima cha saruji uani, na kisima hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka kilikuwa kikavu hata mjusi alitembea chini yake bila haraka. Baba alikuwa mganga wa zahanati. Watu walimwita Daktari, naye alikwisha choka kuwasahihisha. Alikuwa na tukutuku nyekundu, ndivyo tulivyoita pikipiki, kuukuu hata wakati ule, aliyoinunua kwa mtu aliyeinunua kwa mtu mwingine. Rangi ya tangi ilikuwa imebanduka pale magoti yanapobana. Aliipenda, na mimi niliiogopa, maana ilipogoma baba hakuwa baba tena. Alikuwa mtu mwenye spana, asiyetaka kuulizwa kitu.

Sasa, kama hujawahi kuishi Newala ya enzi zile, huwezi kujua mvua ya kwanza ilivyokuwa. Ni Novemba mwishoni, mabibo yameoza chini ya mikorosho na harufu yake tamu na chachu imejaa mji mzima, na maji ya kununua yamekuwa ya kupimiana kwa kikombe. Halafu siku moja mchana wingu linajikusanya upande wa bonde la Ruvuma, upepo unapiga vumbi, na kila nyumba inapata wazimu. Bibi, mama yake baba, alisimama barazani na kuamrisha: "Leteni kila chenye mdomo!" Na tulileta. Sufuria, ndoo, beseni, mitungi, kinu, hata bilauri za wageni. Tulivipanga chini ya mchirizi wa bati, tukabadilisha kinachojaa kwa kitupu, tumelowa, tunapiga kelele. Hakuna sherehe niliyoipenda zaidi.

Siku hiyo mama alikuwa shamba akiokota korosho, na vyombo viliisha kabla ya mvua. "Kimebaki nini?" Bibi akauliza. Nikakimbia nyuma ya jiko nikakuta kidumu cha njano cha lita tano, kitupu. Nikakitega. Kilikuwa kidumu cha baba cha petroli. Nilikijua, nisijitetee. Ila katika mvua ya kwanza kitu kitupu ni kitu kitupu, na mimi nilitaka sana Bibi aniambie "mwanangu una akili". Na kweli aliniambia.

Mvua ilipokata nikanusa yale maji, nikaelewa nilichofanya. Yalinuka hata mbuzi asingeyanywa. Nikayamwaga kwenye mgomba kimyakimya, nikakiinamisha kidumu ukutani kikauke. Ningekiacha mpaka asubuhi pasingekuwa na hadithi. Lakini nikasikia kengele ya baiskeli getini, nikadhani baba amerudi kwa baiskeli ya zahanati, nikakifunika haraka na kukirudisha mahali pake. Hakuwa baba. Alikuwa muuza ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Kufikia hapo Bibi alikuwa ananiita nianike nguo, na kidumu nikakisahau.

Kesho yake ilikuwa siku ya kliniki Chilangala. Baba alitakiwa kupeleka chanjo za surua. Zilikaa kwenye kasha lenye kuta nene, zimezungukwa na vibonge vya barafu, na barafu hiyo ilikuwa na saa zake. Mimi nilikuwa nakwenda pia, kumsalimia shangazi yangu aliyeishi hukohuko, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kukaa nyuma na kulikumbatia kasha. Baba akapeleka kidumu kwa jirani yetu, aliyekuwa akiuza petroli kutoka kwenye pipa, akapimiwa kwa kopo, akarudi akamimina yote kwenye tangi. Nilisimama pale. Tone la mwisho lilitoka na sauti ambayo sikuipenda. Mkono wa kidumu una uwazi ndani, na maji hupenda kujificha humo. Nilikumbuka yote kwa pamoja: mvua, mgomba, muuza ming'oko. Nikajiambia petroli ni kali, itayameza maji, hayatakuwa kitu. Nikapanda.

Tulikwenda vizuri kwa muda, hata nikaanza kupumua. Mchanga ulikuwa umeshikana kwa mvua, hewa ina harufu ya majani mabichi. Kisha tukutuku ikakohoa mara moja. Ikakohoa tena, ikaenda hatua chache kama mtu aliyejikwaa, ikanyamaza. Tulikuwa katikati ya mikorosho, hakuna nyumba. Baba akapiga kiki. Akapiga tena. Nilihesabu mpaka ishirini kisha nikaacha kuhesabu.

"Pikipiki inataka vitu vitatu," baba alikuwa na kawaida ya kusema, "moto, mafuta na hewa. Kimojawapo kimegoma." Akaanza na moto. Alifungua plagi, akaisugua kwa msasa, akaigusisha kwenye injini na kupiga kiki taratibu. Cheche ikaonekana, ya buluu, safi. Moto upo. Akaja kwenye mafuta, akachomoa mpira, akafungua koki, na kitu cheupe kikachuruzika vizuri kabisa. "Mafuta yapo," akasema. Mimi nikatazama kile kinachochuruzika. Maji na petroli vikichuruzika mchangani, nani atavitofautisha? Mimi peke yangu, kwa kuwa nilijua.

Nikafungua mdomo. "Baba..."

"Subiri kwanza."

Basi nikasubiri! Unajua mtoto mwoga anavyopenda kuambiwa asubiri? Nilishukuru kama niliyepewa peremende. Akaenda kwenye hewa. Alitoa kichujio, kimejaa vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho, akafurahi, akadhani amempata mchawi. Akakikung'uta, akakipuliza, akakirudisha. Kiki. Kimya. Jasho lilikuwa linadondoka kwenye ncha ya pua yake, na jua lilikwisha panda.

"Weka sikio kwenye kasha," akaniambia. "Tikisa kidogo. Unasikia nini?"

Barafu ikiwa ngumu kasha halisemi kitu. Nilitikisa. "Sisikii kitu, baba."

"Vizuri. Endelea kulisikiliza."

Nikaendelea, na sijawahi kusikiliza kitu namna ile tangu hapo. Yeye akarudi kwenye plagi, akaisugua upya. Akafungua waya, akaufunga. Akaisukuma tukutuku huku ameingiza gia, akateleza, akaangukia goti. Kila alipoinua kichwa nilijiambia sasa namwambia, na kila alipoinama nilishusha pumzi. Nilikuwa naogopa nini? Fimbo, ndiyo, ingawa alikuwa amenichapa mara mbili tu maishani. Zaidi niliogopa uso wake. Niliogopa atanitazama na kujua kwamba nilijua tangu nyumbani, na kwamba nilipanda hivyohivyo. Kila dakika iliyopita ilifanya kosa liwe kubwa kuliko dakika iliyotangulia, na hivyo kulisema kukazidi kuwa kugumu. Halafu nikatikisa kasha, na ndani pakalia maji.

"Baba, linalia."

Alikaa chini mchangani, akavuta pumzi, akaanza kufungua kabureta, kitu alichokuwa anakikwepa kwa kuwa skrubu zake zilikuwa zimelika. Alipoitoa aliimimina kiganjani. Hapo nikaona, na yeye akaona. Petroli ikatandaa na kupotea, na katikati ya kiganja vikabaki vitone vya mviringo, vinatembea.

"Maji," akasema. Alisema polepole, kana kwamba anataja jina la mtu anayemfahamu.

Wakati huohuo alipita mama mmoja na ndoo kichwani, akasimama bila kuitua. "Shikamoo Daktari. Pole na tukutuku. Nikusaidie maji?"

"Marahaba, mama. Maji ndiyo yaliyotufikisha hapa."

Yule mama hakuelewa, akaenda zake. Baba aliitoa petroli kwenye tangi ndani ya kidumu kilekile, alichokuwa amekifunga ubavuni, akaiacha itulie, akairudisha ya juu tu kwa kuichuja na kanga yangu, ya chini akaimwaga, akafunga kabureta. Kiki ya tatu tukutuku ikawaka. Hakushangilia. Aliikimbiza mpaka Chilangala.

Akina mama walikuwa wakingoja kwenye ofisi ya kijiji. Wengine walikwisha ondoka. Baba alifungua kasha, akagusa barafu iliyokwisha yeyuka, akatoa kichupa akakishika kwa muda. Kisha akakirudisha. "Dawa imekufa," akawaambia. "Nisameheni. Njooni wiki ijayo, siku kama ya leo." Wakaanza kufunga watoto migongoni, kwa manung'uniko, lakini kwa heshima. Mmoja hakuinuka. Alikuwa mama kijana, mwembamba, mwenye vumbi hadi magotini. "Mimi nimepanda mlima toka bondeni, Daktari," akasema. "Nimetoka hata hakujapambazuka. Mchome huyu mmoja tu."

"Nikimchoma nitakudanganya, mama. Haitamkinga."

Alimtazama baba, akamtazama mtoto, akanitazama na mimi pia, sijui kwa nini. Kisha akajifunga kitenge akaondoka. Niliuona mgongo wake, na mtoto amegeuza uso ananitazama, mpaka walipoingia kwenye mihogo. Nilikuwa bado na neno langu mdomoni, na sasa halikuwa na kazi.

Tuliporudi Newala, baba alikwenda moja kwa moja kwa jirani. Nilimfuata kwa mbali. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti vile. Alisema jirani anachanganya petroli na maji, anaua watoto wa watu kwa tamaa. Watu wakakusanyika. Jirani alimngoja amalize, kisha akauliza kwa utulivu, akimwita kwa jina langu:

"Baba Somoe, mimi nichanganye petroli na maji? Maji hayo nayapata wapi? Jana nimenunua ndoo mbili kwa mkokoteni, kwangu sina hata mchirizi. Nikitaka kuiba si bora nichanganye maji na petroli, niwauzie maji?"

Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Baba hakucheka. Alisimama pale akifikiri, nikaona anafika mahali. Aligeuza kichwa akaitazama nyumba yetu, lile bati, ule mchirizi wake. Akamshika jirani mkono. "Nisamehe ndugu yangu," akasema mbele za watu wote. "Kosa ni la nyumbani kwangu."

Nikajua amejua. Nilikwenda nikakaa nyuma ya jiko nikingoja kuitwa. Sikuitwa. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu, baba akaomba aongezewe mboga. Kesho yake sikuitwa. Wiki nzima nililala vibaya, nikisikia viatu vyake nainuka, akipita naketi. Mama alidhani nina homa akanichemshia majani. Kuchapwa kungekuwa nafuu. Mwezi ukapita, na hofu ile ikazoea kukaa nami, na nadhani haijahama hadi leo. Watoto wangu hunicheka kwamba nachungulia kila chombo kabla ya kukifunika.

Siku hizi Newala ina vituo vya mafuta vyenye taa, bomba linatoa maji siku nyingine bila ya kuomba, na chanjo zinakaa kwenye jokofu la umeme wa jua. Mvua ya kwanza inanyesha na watu wako ndani wanatazama simu. Hakuna anayekimbia na kinu. Jirani amekufa, Bibi amekufa, nyumba ameinunua mtu aliyeweka bati la rangi. Nafurahi kwa ajili ya maji, nakuapia. Ila nikisikia mvua inaanza naona uchungu wa kutokuwa na mtu wa kuniamrisha, na nautamani hata ule mchana ulioniharibia usingizi.

Nilimwambia baba mwishowe. Alikuwa mzee, macho yamekwisha, nimekaa naye barazani namkatia kucha. Sikupanga. Nilisema tu, "Baba, yale maji ya Chilangala niliyatia mimi." Nilikuwa na miaka arobaini tayari.

"Najua," akasema. "Umepata nafuu sasa?"

"Mbona hukuniuliza, baba? Nilikungoja mwezi mzima. Nilidhani unanitafutia fimbo."

Akanipa mkono mwingine nimkate kucha. "Sikuwa na nafasi ya kukufikiria wewe, mwanangu," akasema. "Wiki ya pili wote walirudi isipokuwa yule mama wa bondeni. Sikuwa nimemuuliza jina. Nilikuwa nashuka kila nikipata nafasi, nyumba kwa nyumba, naulizia mama mwembamba mwenye mtoto."

"Ukampata?"

Akatikisa kichwa. Mwezi ule wote nilipokuwa nyuma ya jiko nikijionea huruma, baba alikuwa bondeni na ile tukutuku, anamtafuta mtoto ambaye hata sura yake hakuikumbuka vizuri. Mimi nilikuwa naikumbuka, na hakuna aliyeniuliza, na sikusema.