Kona ya Kushoto

Baba yangu ni fundi kamera, na kazi yake nyingine ni kuzitilia shaka lenzi. Mwenye duka la vifaa vya picha akitaka kuagiza lenzi mpya, kwanza humwazima Baba moja, naye huenda kuupiga picha ukuta wa matofali ulio nyuma ya jiko letu. Katikati kila lenzi inajidai, husema. Uongo wake uko kwenye kona. Basi miaka yote Mama amekuwa akisimama kona ya kushoto ameshika gazeti, ili Baba aikuze picha aone kama maandishi yanasomeka. Gazeti lenyewe humfunika uso. Mama ana picha chungu nzima, na sura yake haimo hata kwenye moja.

Safari hii ililetwa lenzi pana, si ya waliotengeneza kamera bali ya kampuni nyingine, bei nusu, na jicho lake linafunguka kiasi cha kupiga picha chumbani bila flashi. Baba alikuwa haishi kuigeuzageuza. Mimi nilikuwa nimenuna. Daktari alishatuambia kwamba dawa za saratani ya Mama zinaanza Jumatatu, na kwamba nywele zitakatika.

Mama hakulia. Alisuka nywele, akavaa gauni lake la maua, akatoka uani.

"Baba watoto, nataka picha moja kabla hazijaniaga."

"Haya, simama pale," Baba akasema, na kidole kikaelekea kona ya kushoto.

Damu ilinichemka. "Baba! Na gazeti nimletee?"

Akashusha kamera. Akanitazama, akamtazama Mama. Akamshika mkono, akampeleka chumbani, akamketisha katikati ya kitanda. Picha ya kwanza aliipiga kwa karibu mno. Mama alipoiona kwenye kioo cha kamera akaangua kicheko.

"Jamani, pua imefika kabla yangu!"

"Lenzi pana ndivyo zilivyo, mama watoto," Baba akasema, akirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota mlangoni. Kutoka pale akampata na chumba chake chote: cherehani, pazia alilolishona mwenyewe, viatu chini ya kitanda, na yeye katikati, bado anaicheka pua yake, mwanga wa dirisha ukiwa kwenye misuko. Hakuwasha flashi. Nilimpenda sana baba yangu saa ile, na hasira ikaniisha.

Jumatatu, tukitoka hospitali, tulipitia dukani kuirudisha lenzi.

"Haya fundi," mwenye duka akauliza, "hawa wa bei nusu wamejitahidi?"

"Katikati haina neno. Nywele unazihesabu moja moja."

"Na kwenye kona?"

Mama alikuwa amemwegemea Baba begani, amechoka. Baba akaiweka lenzi mezani taratibu.

"Kona sikuangalia."