Nilimchagulia Mke Wangu Kitabu cha Msimu wa Baridi, Sasa Vitu Vinahama Nyumbani

Admin nifichie jina, ingawa jina langu kulificha ni kazi. Kuanzia Makambako mpaka Njombe mjini hakuna nyumba ya maana iliyopauliwa bila mkono wangu. Nina miaka hamsini na mbili, nakaa Lyamkena, hapahapa Makambako, biashara yangu ni mbao. Shule niliishia la saba, lakini wenye digrii wakitaka kujenga wananipigia mimi. Kuna mkubwa mmoja, cheo chake sikitaji, aliwahi kusimamisha msafara wake barabarani ili ashuke anisalimie. Nasema haya mjue anayewaandikia si mtu wa kutishika ovyo. Lakini ndugu zangu, siku hizi naogopa kuingia nyumbani kwangu.

Njombe mjini kuna dada ana duka la vitabu, dogo tu. Kila kipupwe kikianza, watu wakianza kujifungia ndani na jiko la mkaa, anatoa meza mlangoni anapanga vitabu vya kusoma msimu wa baridi. Hachagui peke yake. Anaomba wateja, kila mmoja apendekeze kimoja alichokwisha kukisoma, halafu anabandika jina la mtu huyo juu ya kitabu. Mwaka huu walikuwepo mwalimu, nesi na padri. Mimi niliingia kukwepa manyunyu. Yule dada akaniuliza, "Mjomba, na wewe ni msomaji?"

Jamani, mbele ya padri ningejibu nini? Nikavuta kinene kuliko vyote, jaladani kuna picha ya mlango ulioachwa wazi. Nikasema hiki nimekisoma mara tatu, andika kwamba kila mwanamke mwenye ndoa akisome. Sikuwa nimekifungua hata kidogo. Nikanunua nakala moja nikampelekea mke wangu, mama Upendo, kifua mbele.

Mke wangu alizoea kugomba. Nikichelewa anagomba, nikiingia na viatu vya tope anagomba. Tangu aanze kile kitabu, kimya. Anakaa pembeni ya jiko, blanketi mabegani, anasoma, kisha anainua macho ananitazama muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa. Halafu anarudi kusoma. Mara nyingine anacheka peke yake. Nikimuuliza nini, ananijibu, "Si unakijua, baba Upendo?"

Kwanza ilitoweka cherehani. Akasema iko kwa fundi. Sikujali.

Siku moja nimepeleka mzigo Njombe, nikapita pale dukani nisikie sifa zangu. Yule dada akanidaka mlangoni. "Mjomba! Kitabu chako ndicho kinachogombewa msimu huu! Hebu niambie, pale yule mama anapoanza kutoa mablanketi, hukulia?"

"Nililia mpaka nikapaliwa," nikasema.

"Moja moja, mume haoni! Anaambiwa yako kwa ndugu, naye anaitikia tu, kazi kuongea."

Nilirudi Makambako sikumbuki hata njia. Nikaingia moja kwa moja chumbani, nikatazama juu ya kabati. Mablanketi yetu ya harusi hayapo.

"Mama Upendo, mablanketi yako wapi?"

"Nimempelekea dada yangu, yuko Tandala. Kule baridi kali kuliko huku."

"Yote?"

"Yote," akasema, akafunua ukurasa.

Baadaye likaondoka sufuria kubwa, halafu begi lake la safari. Nyumba imeanza kutoa mwangwi, nikikohoa najisikia mwenyewe. Wanawake wenzake wa jumuiya nao wanakisoma, wanaazimana. Nikipita sokoni nasalimiwa "Kamwene, mzee wa mbao," halafu wanatazamana, maongezi yanakatika. Mmoja alithubutu kuniambia, "Shemeji, asante kwa kitabu. Sisi tungejuaje?" Kujua nini? Sikuweza kuuliza, maana mimi ndiye mwenye jina pale juu.

Juzi nikajikaza. Nikamwambia mke wangu, "Hebu nisimulie mwisho wake, nione kama umeelewa kama mimi."

Akafunga kitabu, kidole chake kikabaki katikati ya kurasa. "Sijafika. Zimebaki kurasa chache, nasoma polepole." Kisha akasema kwa upole, upole ule ndio unaninyima usingizi, "Ila asante, baba Upendo. Tangu unioe hujawahi kunichagulia kitu kilichonihusu. Hiki umekichagua mwenyewe."

Jumamosi hii yule dada anafunga msimu. Wasomaji watakutana dukani, na kila aliyependekeza kitabu atasimama aeleze kwa nini. Mke wangu kasema atakuja kunisikiliza. Nikamwambia vizuri, tutarudi pamoja. Akasema hapana, yeye akitoka hapo atapitiliza Tandala. Nikauliza kwa siku ngapi. Akaenda kuchochea moto.

Wadau, hasa kinamama, nawaomba mseme nami kama kaka yenu. Nimkamate mkono kabla ya Jumamosi nimwombe asiende, na nimwombe msamaha wa kosa lipi? Au nisimame mbele za watu nijikaange nikiongea nisichokijua, na yeye ananitazama?

Na msiniambie "si ukisome tu." Nakala nyingine ninayo, niliinunua kwa siri, iko chini ya kiti cha lori. Nilikaa nayo nikafika ukurasa wa tatu. Pale mume anawasimulia wageni jinsi alivyomuokota mke wake kwenye njaa, wageni wanacheka, na mke ananyanyuka kimya kwenda jikoni. Ndugu zangu, hadithi hiyo ni yangu, naisimulia kila harusi, na si kweli. Nilikifunga, na mpaka leo naogopa kufunua wa nne.