Karatasi Isiyokuwa na Jumamosi

Nakumbuka Jumamosi moja ya ukame pale kijijini Korbesa, mwanangu, na mpaka leo nikiona karatasi imebandikwa ukutani nahesabu siku zake kwanza. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la sita. Lakini nilijua kubonyeza kompyuta, basi watu wa mradi walipotuletea laptop ya kisima, nikafanywa karani wa zamu ya maji.

Kabla yangu kazi hiyo ilikuwa ya mzee Galgalo. Sisi Waborana tunamwita abba herega: yeye ndiye anayesema leo ng'ombe wa nani wanakunywa, na habishiwi. Kiangazi ng'ombe wetu hunywa kila siku ya tatu. Mzee alibeba zamu za maboma arobaini kichwani, bila kalamu. Tukamwambia apumzike.

Nikaandika zamu zote kwenye ile programu ya kupangia siku, nikapanda lori mpaka mtaa wa Chechelesi, Isiolo mjini, kuchapisha. Mashine ikauliza nataka kalenda ya sura gani. Nikabonyeza "wiki ya kazi", kwa sababu ilipendeza macho. Niliporudi, Wario, mwenyekiti wetu, akasema, "Safi kabisa, bandika." Sora wa langoni akabandika. Nawataja kwa majina kwa sababu hawajawahi kusema pole. Wario mpaka leo anasema ilikosea mashine. Jina la tatu ni langu, Dabo.

Wiki ya kazi ya mashine ni Jumatatu mpaka Ijumaa. Basi.

Jumamosi hiyo Kabale, mjane, akaleta ng'ombe wake kumi na mmoja. Ilikuwa siku yake ya tatu. Sora akatazama ukuta.

"Mama, karatasi haina Jumamosi."

"Haina? Kwani ng'ombe zangu zimeajiriwa na serikali, zipumzike wikendi?"

Watu wakacheka. Mimi nikasema neno ambalo ningeweza ningelimeza: "Mashine haikosei, mama. Jina lako liko Jumanne ijayo."

Hakuondoka. Alikaa na ng'ombe wake nje ya ua, wakinusa maji ya birika la kunyweshea. Jumapili adhuhuri wawili wakalala chini. Ndipo akaenda kumwita Galgalo.

Mzee alifika na fimbo yake, akasimama langoni, akaanza kutaja zamu. Boma kwa boma, na ng'ombe anayetangulia kila kundi, rangi yake na pembe zake. Alipofika kwa Kabale akasema, "Jana." Sora akafungua lango bila kuambiwa.

Kisha akanigeukia. "Binti, siku zote zimo ndani ya hicho chombo?"

"Zimo, mzee."

"Basi aliyezificha ni wewe."

Nikafungua laptop. Nikatafuta pale pa kuchagua sura, nikaiambia inionyeshe siku tatu tatu, kama ng'ombe wanavyokunywa. Jumamosi ikatokea. Jina la Kabale lilikuwa pale, halikuwahi kufutika. Lilikuwa linaningoja.

Nilirudi Chechelesi nikachapisha upya, karatasi imelazwa kwa upana, herufi kubwa, siku tatu kila ukurasa. Nikamsomea mzee mara moja tu. Yeye asiyejua hata alifu akapitisha kidole mstari kwa mstari, akitaja kila boma mahali pake. Hakukosea hata moja. Akasema, "Sasa inafanana na kichwa changu." Sijapata sifa nyingine kama hiyo maishani.

Lakini wale ng'ombe wawili hawakuinuka. Kabale alibaki na tisa.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Chombo kitakupangia siku kama alivyozoea aliyekitengeneza, naye hajawahi kunywesha ng'ombe. Kigeuze kifuate maisha ya watu wako. Na kabla hujabandika karatasi, msomee anayebeba jambo hilo kichwani, kisha uulize ni nani asiyeonekana. Mtu akikwambia ana kiu, usimwonyeshe ukuta.

Mungu akupe amani na malisho, akujalie macho ya kumwona aliyeachwa nje ya lango, na siku yako ya maji isipotee kwenye karatasi ya mtu yeyote.